Star Wars au The Lord of the Rings? Zirudie kwanza

Kama moyo wako uko huku na huku kati ya filamu tatu za mwanzo za Star Wars (1977, 1980, 1983) na The Lord of the Rings ya Peter Jackson (2001 hadi 2003), usiamue ipi ni bora kwa kumbukumbu za zamani. Zirudie zote sita, na angalia kwanza ni toleo gani ulilonalo.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Star Wars zinazopatikana kirahisi leo si zile zilizoonyeshwa mwanzoni. Mwaka 1997 George Lucas, muundaji wa Star Wars, aliongeza picha za kompyuta, na pale mezani kwa Han Solo, rubani msafirishaji wa magendo, na Greedo, mwindaji aliyekuja kumkamata, ambapo awali Han peke yake ndiye aliyefyatua, Greedo akapewa risasi ya kwanza. Ni sekunde chache, lakini Han mwenye roho ngumu anageuka mtu anayejitetea tu. Mashabiki wana haki ya kukasirika.

Kwa Jackson, anza na toleo la sinema: dakika 178, 179 na 201. Ukijumlisha na Star Wars unapata kama saa 15 na nusu. Tenga siku mbili, kila hadithi siku yake. Ukizichanganya moja moja, uchovu wa Frodo, mhusika mkuu wa The Lord of the Rings, haukufikii. Toleo refu, lenye matukio yaliyoongezwa, lina utamu wake, kifo cha mchawi Saruman kikiwemo, ila linapunguza mwendo.

Oscar 11 za The Return of the King zisikutishe. Star Wars ya 1977 ilibeba 6, na moja maalumu juu yake.