Mimba ya miezi mitano, msiulize jinsia tu

Jamani mimba yangu imevuka nusu na kila ninayekutana naye swali ni hilohilo, wa kike au wa kiume? Mawifi, majirani, mpaka dada wa saluni. Sikatai, na mimi nilitaka kujua, lakini siku ya ultrasaundi kilichonijaa moyoni ni ule moyo wake, vyumba vyote vinne vinaonekana, unadunda mbiombio (kawaida ni mapigo 110 hadi 160 kwa dakika), daktari akapita uti wa mgongo pingili kwa pingili, akaangalia figo, tumbo, midomo, kondo la nyuma limekaa wapi. Jinsia ilikuja mwisho na wala haikuchukua muda.

Ndo maana nasema kama hela yako inatosha ultrasaundi moja tu, ipige kati ya wiki ya 18 na 22. Shirika la Afya Duniani wanashauri kila mjamzito apate angalau moja kabla ya wiki ya 24, hapo umri wa mimba bado unakadiriwa vizuri, mapacha wanaonekana, na kama kuna kasoro mnapata muda wa kujipanga mtajifungulia wapi.

Watu wanasema kipindi hiki mimba imetulia kwa sababu kutapika kumepungua. Mama ndo katulia, huko ndani kazi haijasimama hata kidogo! Wiki ya 20 mtoto ana kama sentimita 25 kichwa mpaka kisigino na gramu 300 hivi, ikifika ya 24 uzito umekaribia mara mbili. Ngozi yake imepakwa utando mweupe wa mafuta ili isiharibiwe na maji aliyomo, na hayo maji anayameza anayakojoa, kipindi hiki sehemu kubwa ya maji ya uzazi ni mkojo wake mwenyewe, ndo maana yakiwa machache madaktari wanazitazama figo. Na kama ni wa kike, saa hizi ana mayai kama milioni 6 au 7, hatakuja kuwa na mengi hivyo tena maisha yake yote. Yaani wajukuu zangu nao nimeshawabeba, hilo linanitoa machozi kila nikiliwaza.

Kwenye wiki ya 24 mpaka 26 anaanza kushtuka akisikia sauti, kwa hiyo akina baba ongeeni naye.

Sasa vyote hivyo vinajengwa kwa damu yako. Meza vidonge vya kuongeza damu kila siku, usivishushie na chai maana chai inazuia madini ya chuma kuingia mwilini, na ule udongo tunaotafuna nao hausaidii, punguza mpenzi. SP, vile vidonge vya kukinga malaria, zinaanza baada ya wiki ya 13, unameza palepale kliniki, kila dozi ipishane na nyingine angalau mwezi, ila kama unatumia septrini mwambie nesi kwanza, hizo dawa haziendi pamoja.

Kuhusu kucheza, mimba ya kwanza wengi wanamsikia wiki ya 18 hadi 20, waliokwishazaa hata ya 16, na kondo likiwa limekaa mbele unaweza kuchelewa. Ila wiki ya 24 ikifika hujasikia kitu, usisubiri tarehe ya kliniki wala usimsikilize anayekwambia huyo ni mpole, nenda hospitali siku hiyohiyo wakamsikilize.