Kardinali Robert Sarah, yule wa Guinea

Mei 2025 pale Papa Fransisko alipokuwa ameshazikwa na makardinali wanajiandaa kuingia kwenye konklave, mkutano wa kumchagua Papa mpya, simu za Wakatoliki nchi hii hazikupumzika. Kila grupu la WhatsApp, la jumuiya, la kwaya, la wazazi wa ekaristi, picha ilikuwa moja, mzee mweusi mwembamba, kofia nyekundu, macho chini, na maneno makubwa ya "TUMWOMBEE, PAPA WA KWANZA MWEUSI". Waliokuwa wanafowadi wengi hawakuwa wanamjua, mmoja aliniapia kabisa ni Mkongo, nadhani alikuwa anamchanganya na Kardinali Ambongo wa Kinshasa. Tarehe 8 moshi mweupe ukatoka, Robert akapatikana kweli ila siyo yule, akawa Robert Prevost wa Marekani, Papa Leo XIV, na grupu likarudi kwenye michango ya harusi.

Mzee wa kwenye picha ni Robert Sarah, wa Guinea ile ya Conakry. Nimemsoma sana miaka hii na kuna mambo sikubaliani naye kabisa, nitayasema humu humu, ila huwa nakereka nikiona anaelezwa kwa neno moja, mhafidhina, halafu basi. Wazungu wanaopenda Misa ya Kilatini wanambeba kama bendera yao, wale wa upande wa pili wanamwona kisiki, na pande zote mbili zinaanza kumhesabu alipofika Roma. Mimi naona ukimwanzia Roma humwelewi, huyu mtu alishakuwa alivyo kabla hata hajapanda ndege.

Kazaliwa 15 Juni 1945 kijiji kinaitwa Ourous, kaskazini kule karibu na mpaka wa Senegal, kabila la Wakoniagi, kabila dogo lenye dini yake ya jadi ndani ya nchi ambayo watu wengi ni Waislamu. Mtoto pekee. Wazazi wake Alexandre na Claire walibatizwa na wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, hawa hawa waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868 na baadaye wakapanda mpaka Morogoro na Kilimanjaro, kwa hiyo mtu yeyote aliyekulia jirani na misheni ya zamani akisoma habari za Ourous ataona kama anasimuliwa kwao. Sarah anasimulia kwamba jioni mapadre waliwakusanya watoto uwanjani, pale kwenye msalaba mkubwa, wakakaa chini kuuzunguka wakafundishwa. Yeye alikuwa mtumishi wa altare, hakosi Misa ya asubuhi, mpaka siku padre akamuuliza je ungependa kwenda seminari uwe padre? Dogo akakimbia kuwaambia wazazi. Wazazi hawakuelewa, mama aliona ama mtoto kasikia vibaya ama padre mwenyewe kichwa hakiko sawa, maana tangu wazaliwe mapadre waliowaona walikuwa weupe tu, sasa mtoto wa Claire atakuwaje padre? Ilibidi waende wenyewe misheni kuuliza, wakaambiwa ndiyo, inawezekana.

Mwaka 1957 akapelekwa seminari ndogo ya Bingerville, Ivory Coast, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi. Halafu mwaka uliofuata ndipo nchi yake ikapinduka, kwa maana ya kuanza upya.

Na hapa lazima nimtaje Sekou Toure, rais wa kwanza wa Guinea. Sisi huyu mzee ni shujaa, mimi wa Mwanza, hospitali yetu ya mkoa inaitwa Sekou Toure, nusu ya watu ninaowajua wamezaliwa pale, na shuleni tumefundishwa alivyomwambia De Gaulle wa Ufaransa hapana, tunajitawala, mwaka 1958 nchi nyingine zote za Wafaransa zikaogopa. Ni kweli, na ilikuwa ujasiri. Ila hatukufundishwa yaliyofuata. Mwaka 1961 serikali yake ikachukua shule za Kanisa na seminari ikawemo humo humo, vijana akina Sarah wakajikuta hawana pa kusomea, mwaka 1967 wamisionari wa kigeni wote wakaambiwa waondoke. Mtasema hata Mwalimu alitaifisha shule za misheni, ni kweli alitaifisha mwishoni mwa miaka ya 60, ila seminari aliziacha na hakuna askofu aliyewekwa kambini. Guinea walimweka. Novemba 1970 Wareno waliishambulia Conakry, Toure akawa anaona msaliti kila kona, na mkesha wa Krismasi mwaka ule Askofu Mkuu wa Conakry, Raymond-Marie Tchidimbo, Mguinea mweusi siyo mmisionari wa kigeni, akakamatwa akapelekwa Camp Boiro.

Camp Boiro, gereza la wafungwa wa kisiasa, ni pale ambapo kulikuwa na adhabu ya kufungiwa selo bila chakula wala maji mpaka ufe, basi, hawakupigi risasi, wanakusahau tu. Diallo Telli, katibu mkuu wa kwanza wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wazee wetu wanalikumbuka hilo jina, alikufa hivyo humo mwaka 1977. Tchidimbo alikaa karibu miaka tisa. Tisa!

Sarah muda huo yeye alikuwa ameshazunguka seminari za nchi nne, Ivory Coast, Guinea, Nancy kule Ufaransa, halafu Sébikotane Senegal baada ya Guinea na Ufaransa kukorofishana zaidi. Alipata upadrisho Conakry tarehe 20 Julai 1969, siku ile ile Wamarekani walitua mwezini, akasoma Roma na Yerusalemu, akarudi kufundisha na kulea waseminari. Agosti 1979 Tchidimbo akaachiwa, akaondoka nchini, na Yohane Paulo II akamteua Sarah kushika Conakry, akiwa na miaka 34. Alikuwa askofu kijana kuliko wote duniani, Papa alikuwa anamtania "askofu mtoto". Hebu fikiria unapewa kiti ambacho aliyekuwa amekikalia ametoka kufungwa miaka tisa, na aliyemfunga bado yuko ikulu.

Na hakunyamaza. Alihubiri juu ya kinachoendelea, siyo kwa kujificha, na Toure alipofia Cleveland Marekani mwaka 1984 inasemwa jina la Sarah lilikutwa kwenye orodha ya watu waliokuwa washughulikiwe. Mwenyewe anasema kilichomshikilia miaka ile ni kujitenga, kila baada ya muda anaondoka siku tatu peke yake, hali, hanywi, ana Biblia na vitabu viwili vitatu vya sala. Siku tatu bila maji kwa joto la Guinea mimi sijui anafanyaje, ila ndiyo anavyosimulia.

Kwa hiyo mtu kama huyu ukimwambia sala ni kitu cha kurekebisha kidogo ili watu wasichoke, hamtaelewana. Imani kwake ni kitu watu wamekilipia, na mapadre wake wa Ourous walikuja wakafa na kuzikwa pale pale, wengine vijana kabisa, kwa hiyo walichomwachia hataki hata nukta iguswe. Ndiyo uhafidhina wake, naona mimi. Siyo wa vitabuni.

Conakry alikaa miaka 22, mwaka 2001 akaitwa Roma kuwa katibu wa idara ya uinjilishaji wa watu, ile ofisi ambayo baadaye Rugambwa wetu, Protase, naye akawa katibu wake kabla ya kupewa ukardinali na kwenda Tabora. Mwaka 2010 Benedikto XVI akampa Cor Unum, chombo cha misaada, na Novemba ile akamvika ukardinali. Hapa sina mengi, kazi ilikuwa misaada ya maafa na ukame, na hotuba zake zote zilikuwa zinarudi palepale, kwamba maskini ukimpa unga bila Mungu umempa nusu.

Utamu unaanza 2014. Watu wanasahau kwamba aliyempa ile nafasi kubwa ya mkuu wa idara ya Ibada ya Mungu na Nidhamu ya Sakramenti ni Papa Fransisko mwenyewe, Novemba 2014. Na wiki chache tu baadaye Fransisko akamwandikia barua kwamba kanuni ya kuosha miguu Alhamisi Kuu ibadilishwe, wasioshwe wanaume tu, wanawake nao wawemo. Barua ya Desemba 2014, amri ikatoka na sahihi ya Sarah tarehe 6 Januari 2016. Zaidi ya mwaka mzima! Mtu aliyewahi kufanya kazi ofisi yoyote anajua faili likikaa droo mwaka mzima maana yake nini. Lakini alisaini, na hilo watu wake hawapendi kulitaja.

Julai 2016 akaenda London kwenye mkutano wa liturujia, akawaomba mapadre kwamba kuanzia Majilio ya mwaka ule waadhimishe Misa wakigeukia mashariki pamoja na waumini, yaani padre na watu wote waangalie upande mmoja, kama zamani. Mapadre wengi wakashangilia, wengine wakaanza kupiga mahesabu ya kusogeza altare. Haikupita wiki Vatican ikatoa tamko kwamba hakuna kanuni mpya. Mwaka 2017 tena, Fransisko alipotoa waraka wa kuyapa mabaraza ya maaskofu nguvu zaidi kwenye tafsiri za vitabu vya ibada, Sarah akaandika maelezo yake kana kwamba hakuna kilichobadilika, na Papa akamjibu kwa barua, akataka ichapishwe hadharani. Hapo mimi niko na Papa moja kwa moja, hivi misale, kitabu cha Misa, ya Kiswahili nani ataijua kuliko maaskofu wetu, bwana mmoja pale Roma anayefungua kamusi?

Na mwaka 2015 kwenye sinodi ya familia aliongea kitu ambacho mpaka leo sijakimeza, alisema walivyokuwa Wanazi na Wakomunisti karne ya 20 ndivyo zilivyo leo itikadi za Magharibi za ushoga na utoaji mimba pamoja na siasa kali za Kiislamu. Mafundisho ya Kanisa nayajua na nayafuata, ila kulinganisha hivyo, hapana. Mtu aliyeishi chini ya Toure angejua kutofautisha kati ya anayekosea na anayekufungia selo mpaka ufe kwa kiu.

Kingine ni ngoma. Sarah amelalamika mara nyingi kwamba Misa za Afrika zimekuwa za makelele, maandamano ya vipaji hayaishi, watu wanacheza mpaka inakuwa onyesho. Mwanzoni nilikasirika, maana mama zetu wakipeleka mkungu wa ndizi na jogoo altareni na vigelegele, ile ni sala, hakuna wa kuniambia vinginevyo. Ila Jumapili moja nikakaa nikasikiliza parokiani, spika zimefunguliwa mpaka mwisho, kinanda hakinyamazi, komunyo imeisha unataka kuongea na Mungu wako hata dakika moja, kwaya imeanza wimbo wa tatu na katibu ameshashika maiki ya matangazo. Mzee ana hoja bana. Siyo ngoma inayonisumbua, ni kwamba hakuna pa kupumua.

Januari 2020 ikaja ile vurugu ya kitabu cha useja wa mapadre, kilitangazwa kimeandikwa na yeye pamoja na Papa mstaafu Benedikto, magazeti yakawaka, katibu wa Benedikto akaomba jina la bosi wake litolewe kama mwandishi mwenza, Sarah akatoa hadharani barua alizoandikiana naye. Pande zote mbili zilitoka zimechafuka. Mwaka uliofuata, Februari 2021, Fransisko akaipokea barua yake ya kung'atuka, alishatimiza 75, na wengi wakasema basi huyo kwisha.

Halafu Desemba 2023 Roma ikatoa ule waraka wa kubariki watu wa mahusiano ya jinsia moja. Januari 2024 maaskofu wa Afrika, sauti yao ikiwa Ambongo, wakasema kwetu haitafanyika, na Sarah mwezi ule ule akaandika kuwaunga mkono maaskofu waliopinga, maneno makali kuliko ya kwao. Angalia kilichotokea hapo, miaka yote ameonekana ni mpweke anayependwa na Wafaransa wanaonunua vitabu vyake, safari hii alichokuwa anasema yeye ndicho karibu bara zima lilikuwa linasema, na alikuwa hana ofisi wala cheo cha kumfanya asikilizwe.

Konklave aliingia zikiwa zimebaki wiki kama tano afikishe 80, umri ambao kardinali hapigi tena kura, kwa hiyo ile ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Julai 2025 Papa Leo akamtuma kama mjumbe wake maalumu Sainte-Anne d'Auray, kule Bretagne Ufaransa, kwenye jubilei ya miaka 400 tangu Mtakatifu Anna alipomtokea mkulima mmoja wa pale, umati wa kutosha, na magazeti ya kule wakaanza tena, Papa mpya anatuma ujumbe gani kwa kumtuma huyu? Mimi sikuona ujumbe wowote. Niliona mtoto wa Ourous amerudi kuwahubiria kwao waliombatiza, na hakuwabembeleza.

Anayetaka kumsoma aanze na kile cha mahojiano na Nicolas Diat cha 2015, kipo Kifaransa na Kiingereza, sura za mwanzo za utoto na Conakry. Za katikati za ugomvi na Magharibi unaweza kuruka, mimi niliruka nikarudi baadaye.