Siku moja maishani mwangu: leza, meno na maji ya visima

Saa 12 na robo asubuhi niko ndani ya matatu kutoka Umoja, na Barabara ya Jogoo imeshajaa. Nashuka mjini, nakata kwa miguu hadi Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na kufikia saa 2 koti jeupe liko mwilini. Kazi yangu ni kutafuta namna ya kugundua kwa mwanga wa leza jino linaloanza kuoza, kabla jicho halijaona.

Kabla ya kugusa leza nafungua chupa za meno. Ni meno yaliyong'olewa kwa sababu za matibabu, wenyewe wakakubali yatumike kwa utafiti, nasi tunayahifadhi kwenye maji yenye thaimoli kidogo ili yasiote ukungu. Kila jino lina karatasi yake: umri wa mwenyewe, sababu ya kung'olewa, na swali ambalo mimi sikubali liachwe wazi. Alikulia wapi, na akinywa maji gani: ya mfereji, ya mto au ya kisima?

Saa 2 na nusu napima kipande cha silikoni kwanza, kuhakikisha mashine inayosoma mwanga wa leza iko sawa. Mwanga unaorudi huchorwa kama grafu yenye vilele, na kilele cha silikoni lazima kisimame karibu na 520 kwenye kipimo cha mashine. Kikihama, hakuna jino litakalopimwa mpaka kirudi mahali pake.

Kuanzia saa 3 hadi saa 7 ni kazi yenyewe, na ndiyo sehemu ya siku ninayoipenda. Enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, ni madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake. Bakteria wakila sukari hutoa asidi, na asidi mdomoni ikishuka chini ya pH 5.5 hivi, madini huanza kuyeyuka. Uso wa jino unabaki mzima huku chini yake kukiwa na vitundu vidogo visivyoonekana. Eksirei haiwezi kukuonyesha jambo hilo mapema, kwa kuwa inahitaji asilimia 30 hadi 40 hivi ya madini iwe imeshapotea. Wakati huo mara nyingi kinachobaki ni kuziba jino, ilhali mapema lingeweza kurudishiwa madini bila kuchimbwa.

Ndipo mwanga unapoingia. Mwaka 1928 mwanasayansi C. V. Raman wa India alionyesha kwamba sehemu ndogo sana ya mwanga unaogonga kitu hurudi ikiwa imebadilika rangi, kulingana na jinsi molekuli za kitu hicho zinavyotikisika. Mimi napiga jino kwa leza ya nanomita 785. Fosfeti ya enameli inajibu kwa kilele kirefu kwenye 960, kaboneti kwa kilele kifupi karibu na 1070. Kisha naweka kichujio kinachopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu, nasoma, nakigeuza, nasoma tena. Fuwele za enameli nzima zimejipanga kwa mpangilio, hivyo kilele cha 960 kinakuwa kirefu upande mmoja na kifupi sana upande wa pili. Palipoanza kuoza, mwanga unatawanyika ovyo na pengo kati ya visomo viwili linapungua. Nikiliona pengo hilo likipungua kwenye sehemu ambayo jicho linaiona safi kabisa, nasahau hata njaa.

Chakula cha mchana ni chapo madondo ya kibandani, haraka.

Saa 8 na nusu niko kliniki ya meno kuchukua sampuli. Daktari ananiita nitazame mtoto aliyeletwa na nyanya yake.

"Daktari, mimi mwenyewe namsimamia apige mswaki kila usiku," anasema nyanya. "Mbona meno yanaoza?"

"Shosho, hebu tuangalie pamoja," daktari anamjibu. Anapuliza hewa kwenye meno ya mbele. Enameli yenye vitundu ni kama kitambaa chepesi cheupe: kikilowa unaona hadi ng'ambo, kikikauka weupe unarudi. Mistari myeupe inajitokeza, imelala kuvuka jino, na jino la kulia linafanana na la kushoto.

"Alikulia wapi huyu?"

"Naivasha. Tulikuwa tunachota kisimani."

Mistari hiyo imeletwa na floraidi, madini yaliyoyeyuka kwenye maji. Visima vingi vya Bonde la Ufa, na baadhi ya hapa Nairobi, vina floraidi zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiimeza kwa wingi wakati meno yanajijenga ndani ya ufizi, enameli hutoka na kasoro. Lakini kwenye gego, karibu na ufizi, pana doa jingine jeupe lisilong'aa, mahali utando wa bakteria hukaa. Hilo ni kuoza kunakoanza. Daktari analipaka vanishi ya floraidi na kumweleza shosho kwamba floraidi inayopakwa juu ya jino lililokwisha kuota inasaidia, na haileti ile mistari.

Mtoto mmoja, weupe wa aina mbili. Daktari mwenye uzoefu ameutofautisha kwa macho. Mashine itaweza? Aina zote mbili zina vitundu chini ya uso, zote hutawanya mwanga. Kifaa kilichofundishwa kutambua kuoza kwa kutumia meno ya watu wasiokunywa maji kama yetu, mimi sitakiamini kwenye shule ya Naivasha mpaka nikione kikipimwa kwa meno ya huko. Ndiyo sababu nang'ang'ania karatasi zile.

Saa 10 narudi maabara kusafisha data: kuondoa mng'ao wa nyuma unaofunika vilele, kufuta miiba inayoachwa na miale ya angani. Inachosha macho, lakini bila hiyo hakuna cha kulinganisha.

Saa 11 na nusu napigiwa simu na daktari wa Nakuru. Amekubali kutukusanyia meno ya wagonjwa watakaoridhia. Namtumia fomu kabla sijazima taa, na swali la maji nimelipandisha juu, kabla ya umri.