Nilivyomalizana na wateja kuhusu kale kakoma ka juu kwenye ng'ombe

Nina kasteshenari kangu hapa Tanga, Ngamiani, kazi ni zile zile za kila steshenari, fotokopi, picha za pasipoti, kadi za harusi, stika za bajaji, kuwajazia watu maombi ya mtandaoni na kutengeneza mabango madogo ya maduka. Sasa kwenye mabango kuna kitu kimoja kidogo sana kinagombanisha watu kuliko hata bei, nacho ni ritifaa, kale kakoma ka juu ka kwenye ng'ombe. Ukikaweka mteja ananuna, usipokaweka mtu anapita anapiga picha bango anarusha kwenye grupu la WhatsApp na emoji za kucheka, na chini ya bango kuna namba yako ya simu umejiandika mwenyewe "Kwa mabango bora piga". Kwahiyo ilibidi nitafute njia.

Vikaratasi wanavyokuja navyo wateja vina ng'ombe wa kila aina. Kuna ngombe mtupu, kuna n'gombe, kuna ngo'mbe, kuna ng,ombe ambaye koma imedondoka chini, na kuna aliyewekewa kale kamstari kalikolala kushoto ambako sijui huwa wanakatoa wapi kwenye kibodi. Hao wote ni rahisi, ukimwambia mtu bosi hapa panataka alama anakujibu weka tu. Wagumu ni wale walioipenda alama yenyewe wakaanza kuipachika kila ng wanayokutana nayo. Ng'uo za mtumba. Ng'oma za asili. Nimeshaletewa na maziwa ya ng'amia. Huyu hakubali, kwasababu yeye anaamini ndo kasoma na wewe wa steshenari ndo hujui.

Mwanzoni nilikuwa naeleza kama mwalimu darasani, kwamba ng' ni sauti moja na ng ni sauti nyingine, mtu ananitazama tu anasubiri nimalize ashushe bei. Nikaacha. Siku hizi simwelezi mtu, namwambia atamke. Mzee, hebu tamka ng'ombe, ila ile mwanzo ivute, usiende haraka. Anaivuta, nnng'... inavutika mpaka pumzi ikate, inatokea puani. Haya sasa tamka ngoma, uvute hivyo hivyo. Haivutiki, ukifika kwenye g lazima iachie. Basi, inayovutika weka alama, isiyovutika usiweke. Mtu wa Tanga hakosei kutamka hata siku moja, hilo kalinyonya na maziwa, kinachomshinda ni kuandika tu, kwahiyo akijisikia mwenyewe anacheka na ubishi unaisha pale pale kaunta bila mimi kujifanya mjuaji. Na ambaye bado anabisha namuuliza mji wetu unaitwaje, Tanga au Tang'a?

Kwenye Kiswahili hii alama inafanya kazi ya herufi kabisa, siyo urembo. Aliniletea kijana mmoja tangazo la huduma ya meno kaandika "tunangoa meno bila maumivu". Alikuwepo dada mmoja anasubiri fotokopi, mpenzi wa taarabu, alicheka mpaka akakaa chini, maana ngoa bila alama ni tamaa, ni wivu, ndo ile ya watu kulilia ngoa. Akamwambia kaka yangu, kuwa na ngoa na meno ya watu mbona mtihani. Kijana kakasirika kweli, akataka kuondoka na karatasi yake. Nilimtuliza kwa kumwonyesha kwenye skrini lilivyo na lisivyo na alama, akachagua mwenyewe. Hapo nikajifunza kwamba kinachomuudhi mtu ni kurekebishwa mbele za watu, kwahiyo sasa hivi kama kuna foleni mimi narekebisha kimya kimya halafu namgeuzia skrini namuuliza tu, hivi iko sawa?

Kuna la mzee mmoja wa bucha, huyu tatizo lake lilikuwa tofauti. Bango lake limeandikwa vizuri, nyama ya ng'ombe, nyama ya mbuzi, alama ipo. Akaja.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu. Njoo umtoe inzi kwenye bango langu, wateja watasema bucha ina mainzi."

Nikacheka lakini nilipoenda kuangalia alikuwa na haki yake. Fonti aliyoichagua ritifaa yake ni kadoti tu, ukisimama upande wa pili wa barabara unaona uchafu. Na kwenye stika ndo kubaya zaidi, plota ikikata kale kapande kanakuwa kadogo mno, gundi haishiki vizuri, jua la Tanga na upepo wa bahari vikipiga miezi michache kanabanduka kenyewe, bango linabaki ngombe. Kwahiyo nikaanza kuitengeneza kwa mkono, naikuza kidogo kuliko ilivyo kwenye fonti, naipa unene wa karibu sawa na herufi yenyewe na naisogeza ikae kati ya g na o bila kupaa juu sana. Tangu nimeanza hivyo habari za inzi sijazisikia tena, na yule mzee ananikatia mafupa ya supu.

Pia kuna bibi mmoja mwalimu mstaafu anakujaga kutoa kopi za vikao vya kikoba chao. Huyu alikuwa akisimama pale nje anasoma mabango yangu yaliyokauka kwa sauti na anavyotamka kosa anakusudia usikie, ngggombe, huku anatingisha kichwa. "Nyie ndo niliokuwa nawachapa hamsikii." Watu wengine wangemkwepa, mimi nikamwambia shikamoo mwalimu, naomba nikuombe kitu, kabla sijaprinti kadi za harusi na mabango uwe unanipitishia macho, na kopi zako mimi sikutozi. Alikubali hapo hapo. Ana kalamu nyekundu mpaka leo, sijui anazinunua wapi. Na huku Tanga ndiko alikozaliwa Shaaban Robert, ukiandika ovyo hapa watu kama hawa hawakuachi.

Sasa lililonisumbua zaidi ni la SMS. Kamati za harusi zinanipa kazi ya kutuma meseji za michango kwa wingi, list ya namba inakuja, ujumbe unakuja, mimi natuma. Mweka hazina wa kamati moja akanijia juu kwamba salio la meseji limeisha kabla hata nusu ya wajumbe hawajapata, na ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi, kama herufi 150 hivi, salamu, kukumbushwa ahadi na maneno ya ng'ombe wa pilau. Nikahangaika nao sana, nikapunguza maneno, hola. Kumbe ni ile alama. SMS ya herufi za kawaida inabeba herufi 160, na ritifaa iliyonyooka imo kwenye zile herufi za kawaida. Lakini ujumbe ule ulikuwa umeandikwa kwenye iPhone, na iPhone wewe ukiandika ritifaa iliyonyooka yenyewe inaipinda kuipendezesha. Ile iliyopinda haimo kwenye herufi za kawaida za SMS, ikiwepo hata moja tu ujumbe wote unageuzwa mfumo mwingine ambao SMS moja inabeba herufi 70, na ukizidi hapo kila kipande kinabeba 67. Kwahiyo ujumbe wa herufi 150 badala ya kukatwa SMS moja unakatwa tatu kwa kila mtu, hesabu mwenyewe na wajumbe walivyo wengi. Emoji nazo zinafanya hivyo hivyo, sema ya emoji watu wanaistukia, nani atastukia ng'ombe?

Dawa yake ni nyepesi. Kwenye iPhone unaingia kwenye mipangilio ya kibodi unazima ile sehemu inayojirekebishia alama za uandishi. Kwenye kompyuta mimi ujumbe wowote siuchukui moja kwa moja kutoka Word, maana nayo inapinda, naubandika kwanza kwenye Notepad halafu nafuta ritifaa zote nazipiga upya ndo natuma. Mweka hazina alipoona hesabu imeshuka alinisamehe na kwenye shughuli nikaalikwa, pilau ilikuwa nzuri.

Jingine ni majina. Kuna majina ya koo yenye ng', na kuna vijiji na kata, mfano Kang'ata kule Handeni, hiyo ina alama na ni sahihi. Unamjazia mtu maombi ya mtandaoni, mfumo unakataa unasema kuna herufi isiyoruhusiwa. Huko kwenye lugha za kuhifadhi data ile alama ndo inayoonyesha maneno yameishia wapi, kwahiyo mfumo uliotengenezwa kivivu unachanganyikiwa, na wenye mfumo nao wanaamua kuikataza kabisa. Wenye majina ya Kiayalandi kama O'Brien wanalia kilio hicho hicho. Mimi namwambia mteja tuangalie cheti cha kuzaliwa kimeandikaje, kama kina alama na mfumo umekataa tunaitoa, napiga picha ile skrini ya kukataliwa naprinti anakaa nayo, siku wakimwambia majina hayafanani ana cha kuonyesha.

Kwa wenzetu wa Kiingereza ritifaa ni kelele zaidi ya hizi zetu. Uingereza kulikuwa na mwandishi wa habari mstaafu, John Richards, alianzisha chama cha kuilinda mwaka 2001, akakifunga mwaka 2019 akiwa na miaka 96, akasema ujinga na uvivu vimeshinda. Mji wa Birmingham uliamua kuiondoa kwenye vibao vya mitaa mwaka 2009. Na pale Bristol kuna mtu alikuwa anatoka usiku na ngazi na fimbo ndefu anarekebisha mabango ya maduka ya watu, BBC walimtangaza mwaka 2017. Mimi naona wanajitesa, kwao ukiitoa bado mtu anasoma vilevile na maana anaipata. Ya kwetu ukiitoa umebadilisha sauti ya neno. Lakini hapa hapa Tanga watu wanaihangaikia ile ya Kiingereza, wanataka "Photo's" na "Soda's" kwenye mabango, halafu ya ng'ombe wanaiona inzi. Hizo za Kiingereza namwambia mteja tuandike Picha na Soda, bei ni ile ile, wengi wanakubali.

Hajakubali mmoja tu, mwenye duka mtaa wa pili, kaandika Ng'amiani kwa herufi kubwa nyekundu na hakutengenezea kwangu. Nimemjaribu kwa kutamka, nimemwambia ngamia hana alama, nimemwambia nitakulipisha stika tu kazi bure. Anasema ana mpango wa kubadilisha rangi ya duka mwakani, tutaongea hapo. Bibi mwalimu akipita pale anasoma kwa sauti na yeye anamjibu "marahaba" kabla hata hajaamkiwa.