Siku moja maishani mwangu: bwana mifugo, ng'ombe mmoja na mzee asiyetaka kuelewa

Saa 11 alfajiri simu inaita. Huku Simanjiro, wilaya ya wafugaji Tanzania, mtu akimpigia bwana mifugo saa hizo hasalimii, anaanza na "daktari, ng'ombe anakufa". Nikauliza ana nini, akajibu "njoo na sindano", akakata. Haya. Watu wakisikia afisa mifugo wa kata wanajua nakaa ofisini nagonga mihuri ya vibali na kula posho. Mihuri ninayo kweli, ila gari sina, nina pikipiki, boksi la barafu na kipimajoto.

Saa 1 chai na andazi, nikajaza mafuta kwa hela yangu (nitadai, kulipwa ni stori nyingine).

Saa 2 nikapitia kwa mwalimu mmoja anafuga kuku wa mayai. Baadhi wamelala chini, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, macho yapo tu. Hiyo ni Mareksi, ukiona miguu imekaa hivyo tayari unaanza kuwa na jibu. Dawa hamna, chanjo yake anapewa kifaranga siku ile ile anayototolewa kwahiyo maswali yote ayapeleke kwa aliyemuuzia vifaranga. Mwalimu hakufurahi.

Saa 4 nafika bomani. Salamu za Kimasai, sopa, ipa, chai ya maziwa ambayo huwezi kukataa, ndo napelekwa kwa mgonjwa. Mtamba mzuri, ana mimba, kasimama peke yake kwenye kivuli kichwa chini maana jua linamuumiza macho. Joto 41.3. Pua imejaa makamasi mazito ya njano yameganda mpaka anahema kwa mdomo, tezi za shingoni nazishika nje nje. Ningesema ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, huko nako tezi zinavimba, ila nikamfungua jicho: ule weupe umeanzia pembeni kuzunguka duara lote unaelekea katikati, na macho yote mawili. Hapo nikajua, ugonjwa wa nyumbu, na nikajua pia siku yangu imeisha hapo.

Maana mzee mwenye boma alishanunua chupa ya OTC, dawa ya antibiotiki, dukani, ameishika mkononi. "Choma." Nikamwambia mzee wangu, hii inaua bakteria, huyu ana kirusi. "Choma hivyo hivyo." Mzee Kiswahili chake ni cha mnadani kwahiyo mjukuu wake, layoni mmoja hivi (mvulana ambaye hajatahiriwa), anatafsiri, na mimi naongea dakika tano dogo anageuza kwa maneno mawili, sasa sijui alikuwa anamwambia nini.

Afu mzee akanipiga swali ambalo kwakweli lilikuwa zuri. Anasema yeye mwenyewe alishafungwa na mkanda wa jeshi huku ubavuni, zahanati wakampa vidonge akapona, na wakamwambia ni kirusi, sasa mbona cha ng'ombe nakishindwa?

Nikakaa chini. Nikamwambia mzee, hicho chako na hiki cha mtamba ni ukoo mmoja, wa hepesi, na hata kile cha kuku wa mwalimu kimo humo. Ukoo mkubwa huo, aina zinazojulikana zinazidi mia, za binadamu peke yake ni nane au tisa kutegemea unavyohesabu. Vyote vimejengwa kwa ramani moja, DNA imekunjwa ndani ya ganda lenye pande 20, nje kuna utando wa mafuta. Na tabia yao moja: kikishaingia hakitoki. Wewe hukupona mzee, ulipata tetekuwanga utotoni, kirusi kikaenda kujificha kwenye mizizi ya neva pembeni ya uti wa mgongo, mwili ulipochoka kikashuka na neva ile ile, ndo maana ulikuwa upande mmoja tu. Kidonge kilikizuia kuzaliana, ila kimo humo mpaka kesho. Mzee akajishika ubavu akamwangalia mjukuu wake vibaya kana kwamba yeye ndo kakiweka.

Hapo ndo nikafika kwa nyumbu. Kila kirusi cha ukoo huu kina mwenyeji wake waliyezoeana naye. Nyumbu mkubwa anatembea nacho maisha yote haumwi chochote, ndama wake anakipata mapema sana, na kwa miezi yake kama mitatu ya mwanzo anakimwaga kwa machozi na makamasi pale kwenye majani. Ng'ombe akila hapo asubuhi na umande, kwisha (jua kali likipanda hakidumu). Na ndani ya ng'ombe wala hakizaliani sana, kinavuruga chembe nyeupe za damu yake mwenyewe zinavamia macho, pua, kila mahali. Kwahiyo hata vidonge vya mzee ningekuwa navyo gunia visingesaidia kitu.

Mzee akasema hawakupita penye kondo la nyumbu, walikwepa, maana wazee wanaamini ugonjwa unatoka kwenye kondo pale nyumbu anapozalia. Na wazee wako sahihi kukwepa, wamekwepa hivyo tangu enzi kabla mtafiti Plowright, yule yule wa chanjo ya sotoka (tauni ya ng'ombe), hajakitoa kirusi kwa nyumbu kule Kenya 1960. Ila tatizo sio kondo, ni pua ya ndama, na ndama anatembea. Tena kuhama kwenyewe ni gharama, nyumbu wanazaa Februari kwenye majani mafupi yenye madini, yale mazuri kabisa, ng'ombe anasukumwa vichakani kwenye kupe. Unakimbia nyumbu unakutana na ndigana. Chanjo ya majaribio ilishajaribiwa huku huku Simanjiro, madukani bado.

Nikadhani tumeelewana. Mzee akanyamaza, akasema: "Basi nipe kibali nimpeleke mnadani."

Jamani. Ng'ombe wa 41! Hapo tukaanza upya, mara mimi mtoto mdogo, mara bwana mifugo aliyepita alikuwa muelewa, jua la utosi, maji yangu yameisha, wanaume wengine wamekuja kusikiliza na kila mmoja ana shauri lake. Sikutoa. Nikawaambia wengine wasiogope, ng'ombe hamwambukizi ng'ombe mwenzake, na mtu hapati, ila waliolisha naye pale pale muwaangalie maana unaweza kuchukua wiki kadhaa hata miezi kujitokeza. Nikachukua damu nikaondoka, sijui saa ngapi, chakula cha mchana hakikuwepo.

Njiani na vumbi lile nilikuwa nawaza wale watoto wa Uganda wenye uvimbe wa saratani kwenye taya ambao daktari Burkitt aliwaandika 1958, kirusi chao kikaonekana 1964, nacho ni hepesi, tawi moja kabisa na hiki cha nyumbu. Nikisema hivyo bomani nitaambiwa nimechanganyikiwa.

Basi la Arusha nikakuta limeshapita. Damu imelala kwenye friji la duka la soda, mama mwenye duka kanipa shelfu ya chini kabisa na kafunika na gazeti wateja wasione. Kesho saa 12 asubuhi iende maabara, na konda ameshaniambia boksi la damu nauli yake ni ya abiria mzima.