Figo za Pauling na mizani ya jikoni

Baba mdogo alianza kuvimba uso mwaka jana, asubuhi ukimkuta macho yamefumba kama kaumwa na nyuki, na sisi kwa ujinga wetu tukawa tunamtania eti ameanza kula mshahara peke yake. Kumbe figo. Daktari kasema hajafika hatua ya mashine ya kusafisha damu, ila chumvi aache na nyama apunguze sana, basi tangu siku hiyo nyumba haina amani maana mwenyewe ni mtu wa mishkaki.

Sasa katika kusomasoma usiku ndo nikakutana na Linus Pauling, mwanakemia wa Marekani. Jina nilikuwa nalijua tangu fomu five, ile skeli ya elektronegativiti (atomu inavyovuta elektroni) tuliyokaririshwa ni ya kwake, ila sikujua kama figo nusura zimuue akiwa na miaka 40 tu.

Ilikuwa Machi 1941. Kaenda New York kupokea medali ya wanakemia, mtu yuko juu kweli kweli, uso na miguu vimevimba hadi watu wanamshangaa. Madaktari wa Taasisi ya Rockefeller wakampima wakakuta ugonjwa wa Bright, yaani vile vichujio vidogo ndani ya figo vimepata uvimbe na vinavujisha protini kwenye mkojo. Enzi hizo ukiambiwa hivyo watu wako wanaanza kukuangalia kwa jicho lingine. Mashine ya kusafisha damu haikuwepo, daktari Kolff aliitengeneza kule Uholanzi katikati ya vita, 1943, na mgonjwa wa kwanza kuokolewa nayo alikuwa wa 1945.

Bahati yake California kulikuwa na Thomas Addis, daktari Mskoti aliyekuwa Chuo Kikuu cha Stanford. Hoja yake ilikuwa nyepesi hadi unajiuliza kwa nini wengine hawakuishika. Mguu ukivunjika si unaupumzisha? Basi na figo ipumzishwe. Protini unayokula mwisho wake inaacha taka iitwayo yurea na figo ndo zenye kazi ya kuitoa, kwa hiyo punguza protini, ondoa chumvi, kunywa maji, lala kitandani. Hakuna dawa ya maajabu. Uvimbe ukashuka kidogo kidogo, miezi ikapita, mtu akarudi kazini.

Ila kusema ukweli mimi nampa maua Ava Helen, mkewe. Huyu alikuwa mwanafunzi wake darasani kule Oregon, wakaoana 1923. Yeye ndo alikuwa anapima chakula na kupiga hesabu za protini, mlo kwa mlo, siku kwa siku, na Pauling alifuata masharti hayo zaidi ya miaka 10. Hebu fikiria kupika bila chumvi muda wote huo na watoto wanne ndani ya nyumba.

Na angalia kilichofuata. 1949 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba selimundu inatokana na himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, yenyewe kuwa tofauti, waliipitisha kwenye umeme wakaona haitembei sawa na ya mtu mzima wa afya. Kwetu huku ambako kila ukoo una mtoto wa selimundu hiyo si habari ya mbali. Afu Nobel ya kemia 1954, afu ile ya amani ya mwaka 1962 kwa kupigania majaribio ya nyuklia yasimame. Alifariki 1994 ana miaka 93, na si figo zilizomuua, ni saratani ya tezi dume.

Kinachonichanganya ni uzeeni. Mtu aliyeponywa na kupunguza akaja kuhubiri kuzidisha! Akawa anameza vitamini C hadi gramu 18 kwa siku, chungwa moja lina kama miligramu 70 kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, na akadai inasaidia hata saratani, ila majaribio ya hospitali ya Mayo kule Marekani hayakuona kitu. Mbaya zaidi vitamini C ikizidi hivyo inaweza kuleta mawe kwenye figo, kwa hiyo mwenye figo mbovu asimuige hapo kabisa. Na hata ile diet, usiibebe kichwa kichwa, walioko kwenye mashine mara nyingi wanaambiwa kinyume, waongeze protini, maana mashine inawapunguzia. Muulize daktari wako.

Juzi nimemsimulia baba mdogo yote haya. Kasikiliza vizuri, Nobel zote mbili kazikubali, afu akauliza huyo Mzungu alikaa bila chumvi muda gani. Nikamwambia miaka zaidi ya 10. Akamgeukia mama mdogo, akamwona tayari anafungua boksi la mizani mpya ya jikoni, akasema, "Nyie mmepanga."