Ukoko wa jikoni

Jumapili nilikuwa kwa mtu, tumetoka ibada tumekaa mezani na pilau letu, sala ya chakula ndefu kweli, halafu kale kabinti ka kazi, hata miaka 13 sidhani, kamekaa jikoni juu ya ndoo kanakwangua ukoko. Nikashindwa kumeza jamani. Kwenye kitabu cha Kutoka, sura ya 22, Mungu anasema ukimtesa yatima akanililia nitamsikia, na wanao wewe watakuwa yatima, yaani anarudisha kilekile! Na Yesu kwenye Mathayo 18:6, kwa anayemkosesha mmoja wa hawa wadogo, hakutaja kijiwe, ni lile jiwe la kusagia la kuzungushwa na punda, shingoni, baharini. Sisi tunaogopa wachawi tu. Na mimi nilinyamaza, nikaomba maji, akaniletea yeye, vidole vimebabuka kwa sabuni.